Uso wa Kuazima

Kazi yangu ni kuandika habari za michezo ya video.
Leo, kabla ya saa sita za usiku, nimekwisha kupeleka mbili:
Ngome ya Ukungu, sehemu ya tatu, imeahirishwa hadi mwezi wa nane;
vijana watano wa Incheon wamenyakua kombe,
mmoja akilia hadi vipokea sauti vikamdondoka shingoni.
Ya tatu mhariri ameipa mistari mitano,
chini kabisa, baada ya bei mpya za vidhibiti:
kampuni inayothibitisha sura za wachezaji
imevunjiwa ghala.

Mistari mitano.
Nimeipanga, nimeipangua,
bibi yangu haenei.

Zigong, ghorofa ya sita, lifti mbovu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na saa za kucheza nilizopimiwa kwa kijiko.
Zikiisha, skrini ilisimama mlangoni kama askari wa zamu:
Onyesha uso.
Wangu ulikuwa bado una harufu ya maziwa.

Bibi Luo Guizhen alikuwa na uso wa kutosha watu wawili.
Miaka thelathini alichemsha maji ya chumvi kiwandani;
mvuke ulimla nusu ya unyusi wa kulia
na kumwachia makunyanzi ambayo hakuna mashine
ingeweza kuyatilia shaka.

"Bibi, tazama hapa. Pepesa. Geuka kushoto. Fumbua kinywa."
Akafumbua. Meno yake yalikuwa kwenye gilasi.
Alidhani ni picha ya kumtumia mama, Shenzhen,
akaniomba nimsubiri achane nywele.
Sikumsubiri. Lango lilikuwa limeshafunguka.

Baadaye sikumwamsha vizuri hata.
Saa nane za usiku, taa ya simu juu ya mto,
kope zake zikicheza kwa usingizi,
na mashine, ambayo haijui usingizi, ikaridhika.
Shangazi alimgombeza: "Unampa uso mno huyu mtoto!"
Hakujua alivyolenga.

Mle ndani bibi alipanda cheo.
Miaka sabini na minne, mkuki wa barafu mkononi,
majoka arobaini kabla ya alfajiri,
kisha akaamka kukanda unga
akilalamika mgongo.

Tuliambiwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Lakini nani alitufundisha habari ya uso wa kuazima:
humrudishia vipi mwenyewe,
na ukishachakaa mikononi mwa wageni
unamlipa kwa sarafu gani?

Alifariki mwezi wa pili, baridi ikiwa imekaza.
Kwa desturi tulimfunika uso kwa karatasi ya manjano
ili awaache walio hai, nao wamwache.
Mimi ndiye niliyeilaza karatasi ile.
Nililia kwa haki. Nilidhani tumemfunika.

Sasa nasoma taarifa ya kampuni, kwa lugha iliyopigwa pasi:
"huenda baadhi ya data zimefikiwa na wasiohusika."
Wasiohusika.
Mahali fulani mtu asiyewahi kunywa uji wake
anaweza kumwambia bibi ageuke kushoto,
naye atageuka.
Atapepesa, atafumbua kinywa, bila meno,
atafungua akaunti ya benki, atachukua mkopo,
nywele hazijachanwa.

Nenosiri langu nimelibadili kabla chai haijapoa.
Nimepekua mipangilio yote, ukurasa baada ya ukurasa,
nikitafuta kitufe cha kubadili bibi.

Saa tisa kasoro nimeifufua akaunti ya zamani.
Nilitaka kuifuta tu, niape.
Ili kufuta, imesema, thibitisha kwamba ni wewe.
Onyesha uso.
Nimeuinua wangu, wa mtu mzima sasa,
wenye macho mekundu ya kuandika habari za watu wengine.
Mashine imenitazama kitambo, duara likizunguka.

Unalingana kwa asilimia sitini na moja.
Sogea karibu na mwanga. Jaribu tena.

Nimesogea.
Nimepepesa.